Kwa nini hatuvuti gari lako kwa kamba

Wiki iliyopita mteja mmoja alisimama mbele ya gereji yetu hapa Changamwe akasema, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, kwamba tumemwibia. Tulikuwa tumemtolea Subaru Forester yake Mtwapa usiku, tukaipandisha kwenye flatbedi, yaani lori linalobeba gari zima mgongoni, tukampelekea fundi wake Tudor. Bei ilikuwa shilingi 8,500 na alitajiwa kwa simu kabla lori letu halijawashwa. Alipolipa hakunung'unika. Kesho yake jirani akamwambia yuko kijana wa pikapu ambaye angemvuta kwa kamba kwa 2,000, na hapo ndipo akajiona ameibiwa.

"Yakhe, kilomita 20 hazifiki! Elfu nane na mia tano za nini?"

Si wa kwanza kuuliza. Maneno hayahaya tunayasikia karibu kila mwezi, na kila mara naeleza nikiwa nimesimama juani na mikono imejaa grisi. Leo nimekaa chini niyaandike yote.

Forester ile ni otomatiki, na injini yake inasukuma magurudumu yote manne. Ndani ya giaboksi ya otomatiki mna pampu ya mafuta inayozungushwa na injini, si na magurudumu. Injini ikizima, pampu nayo imezima. Sasa likokote gari hilo kwa kamba: magurudumu yanazunguka, yanazungusha shafti na gia zilizomo ndani, na mafuta hayafiki panapotakiwa. Vyuma vinasagana vikavu. Wengi wananiambia, "Lakini niliweka nyutro." Nyutro inaachanisha injini na gia tu. Upande wa magurudumu bado unazunguka njia nzima.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele peke yake, kama Vitz au Demio nyingi za hapa mjini, ukiyainua ya mbele unaweza kulikokota kwa yale ya nyuma bila madhara, bora handbreki iwe imeachiwa. Linalosukumwa na ya nyuma, unainua ya nyuma. Lakini lenye kusukumwa na yote manne huna pa kuliinua. Ukiacha mawili chini yanazunguka huku mengine mawili yametulia, kile kifaa cha kati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kinapata moto kupita kiasi. Ndio maana tukiambiwa ni Subaru, hata hatuulizi mara mbili, tunaenda na flatbedi. Na mteja akituambia "ni Toyota tu" bado tutauliza kama ni 4WD, yaani ya kusukuma yote manne, kwa sababu Rav4 zimo za namna zote mbili, na Noah vilevile.

Sisemi gari la otomatiki lisisogezwe kamwe. Kulitoa katikati ya barabara, mita mia mbili tatu polepole hadi kwenye kituo cha mafuta, ni jambo la kuokoa maisha na mimi mwenyewe nimelifanya. Gari la gia za mkono nalo linavumilia zaidi. Lakini Mtwapa hadi Tudor si mita mia tatu.

Mwaka 2022 tuliitwa Bombolulu na dada mmoja mwalimu mwenye X-Trail. Gari lilikuwa limemzimikia karibu na Shanzu kwa sababu ya pampu ya petroli, kitu ambacho fundi anakibadilisha asubuhi na adhuhuri umeshaondoka. Alimpata mtu wa pikapu akamvuta kwa kamba hadi Bombolulu kwa 1,500. Pampu ikabadilishwa, injini ikawaka vizuri. Akatia D, gari likanguruma halikwenda. Akakanyaga mafuta zaidi, likashtuka mbele kama limepigwa teke, likasimama tena. Tulipolibeba kwa fundi wa giaboksi nilibaki kumtazama akifungua sampo, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi. Mafuta yalitoka meusi, yananuka kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Zile sumaku ndogo zinazokaa ndani ya sampo zilikuwa zimeota manyoya ya chuma. Fundi akachota mafuta kidogo akayasugua katikati ya vidole viwili, akanipa nami nisugue. Yalikwaruza kama yana mchanga. Giaboksi aliyoipata, ya mitumba, ilimgharimu 75,000 bila ufundi, na gari lilikaa kwa fundi wiki tatu. Dada yule hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Swali lake bado ninalo.

Kamba ina ubaya wake mwingine ambao watu hawaufikirii mpaka wamo ndani ya gari linalovutwa. Injini ikiwa imezima, breki inabaki na nguvu ya mikanyago miwili mitatu, baada ya hapo ni kama kukanyaga jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Na ukichomoa funguo kwa mazoea tu, usukani unajifunga na huna tena namna ya kukata kona. Hali hiyo mtu anaingia nayo Daraja la Nyali saa 12 jioni, mbele tuktuk, pembeni matatu inachomekea. Bodaboda wanaona nafasi katikati ya magari mawili, hawaioni kamba. Nimeshamwona kijana mmoja pale Kongowea amenaswa hivyo. Alivunjika mguu, na abiria wake aliinuliwa akiwa ametapakaa damu usoni. Tangu siku hiyo hata rafiki akiniomba nimvute kwa kamba kwenda mbali, namwambia nitambeba kwa bei ya dizeli, lakini kamba sifungi.

Basi turudi kwenye hizo 8,500. Lori limetoka Changamwe tupu, likavuka kisiwa, likaenda Mtwapa, likarudi limebeba. Kilomita alizohesabu mteja ni za safari moja, sisi tumetembea zaidi ya mara mbili yake. Limekwenda na watu wawili, kwa sababu usiku mmoja anashika winchi na mwingine anaangalia barabara. Lina bima ya gari linalobebwa, ambayo yule wa pikapu hana. Akiligonga lako nyuma njiani mtaishia kulaumiana kandokando ya barabara. Tunafunga mikanda minne, kila gurudumu wake, na tunafunga gurudumu lenyewe, si bodi wala vyuma vya chini, ili springi za gari zibaki na nafasi ya kucheza. Kufunga kunachukua dakika 20 hadi 25. Mteja huwa anaangalia saa. Kisha baada ya kama kilomita moja dereva wetu anasimama, anateremka, anakaza upya, kwa sababu gari likishatikisika mikanda hulegea kidogo. Hilo alinifundisha marehemu baba, ambaye kazi hii aliianza kwa lori moja lenye winchi ya kuzungusha kwa mkono, na hata siku moja hakuangusha gari la mtu. Sitaliacha ili bei ishuke kwa 500.

Nikiri na hili: wapo wenzetu wa brekidauni wanaofika kwenye ajali kabla ya polisi, wanaliinua gari bila kutaja bei, kisha mwenye gari anaambiwa mahali pengine kabisa kwamba anadaiwa 25,000. Hasira ya wateja dhidi yetu sote imeanzia hapo na wana haki. Usikubali gari lako liguswe kabla hujatajiwa bei na kuambiwa linapelekwa wapi. Sisi bei tunaitaja kwa simu, na ikibidi tunaiandika kwa ujumbe.

Sasa pancha. Simu nyingi za usiku ni za pancha, na kusema kweli napenda zaidi ubadilishe mwenyewe kuliko unilipe nije kukufungulia nati tano. Shida ya hapa kwetu ni chumvi. Gari linalolala Nyali au Bamburi, upepo wa bahari unalila usiku kucha. Nati zinashikana na bolti zake, rimu inaganda kwenye habu, na siku ya pancha hata mwanamume wa kilo 90 anapanda juu ya spana na haifunguki. Kuiruka spana ni njia ya kukata bolti. Tumia dawa ya kutu, subiri dakika kumi, kisha sukuma kwa uzito wa mwili taratibu. Nati zikiwa zimetoka lakini rimu imekataa, zirudishe kwa kulegea, shusha gari, lisogeze mbele na nyuma nusu mita. Mara nyingi linaachia.

Kuna mzee mmoja alitupigia kutoka barabara ya Dongo Kundu, ana Noah imejaa jamaa waliovaa nguo za arusi, wanaenda Ukunda. Pancha moja tu. Spea ilikuwepo, imening'inia chini ya gari kwa mnyororo kama ilivyotoka kiwandani, lakini kile kiwinchi cha kuishushia kilikuwa kimeoza kwa kutu, kikawa donge moja. Tukakata mnyororo. Spea ikaanguka, nikaigeuza kutafuta zile namba nne ubavuni: 1109, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2009. Mpira ulikuwa umepasukapasuka kama udongo wa dimbwi lililokauka, na upepo hamna. Mzee alikuwa na gari lile miaka sita, hajawahi kuchungulia chini. Arusi walifika jioni, kwa matatu, na yeye akalipa kubebewa gari kwa sababu ya tairi ambalo lingetengenezwa kwa 300.

Kwa hivyo kila miezi sita teremsha spea, ijaze upepo, pakaa grisi ule mnyororo. Ikiwa ni ile spea nyembamba, inataka presha 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida, na usizidishe kilomita 80 kwa saa. Pancha ikiwa ya mbele kwenye gari linalosukumwa na ya mbele, hamisha tairi zima la nyuma lije mbele, na ile nyembamba iwe nyuma. Ni kazi ya dakika kumi zaidi. Na kama gari linasukumwa na magurudumu yote manne, spea yenye kimo tofauti ikufikishe kwa fundi wa pancha tu, usiende nayo Voi.

Kuhusu mahali pa kubadilishia: ukipata pancha kwenye mteremko wa Mazeras, ambapo malori ya kontena yanashuka yamebeba tani zake, usisimame. Tembea polepole na tairi hilohilo hadi upate nafasi pembeni mwa barabara au kituo cha mafuta. Tairi litakufa, pengine na rimu, na vyote viwili vinauzwa. Ukishasimama, washa hazadi, toa watoto nje wakae mbali upande usio wa barabara, weka laifuseva (ile pembetatu nyekundu ya tahadhari) moja nyuma hatua zisizopungua 50, na penye kona weka kabla ya kona. Legeza nati kwanza gurudumu likiwa chini, ndipo upandishe jeki. Mchanga wetu haubebi jeki, inazama na gari linalala, kwa hivyo tembea na kipande cha ubao cha futi moja kila upande, kinene. Tairi ulilolitoa lisukume chini ya bodi karibu na jeki, ili gari likiteleza liangukie tairi. Usiingize mkono wala kichwa chini yake hata kwa kuokota nati. Kukaza, kaza nati kwa kuvusha, moja hii kisha ile ya upande wa pili, na baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzijaribu tena. Pale Bonje nimeokota gurudumu la Probox lililokuwa limeachwa bila kujaribiwa, limevuka barabara peke yake likaingia kwenye kibanda cha maembe. Bahati mwenye kibanda alikuwa amekwenda kuswali.

Ukitupigia, tuambie gari ni la aina gani, otomatiki au gia za mkono, 4WD au la, magurudumu yanazunguka au yameganda, na kama liko kwenye maegesho ya chini ya jengo ambako flatbedi haiingii. Majibu hayo yanatuwezesha kukutajia bei ambayo haitabadilika tukifika. Ukiwa Likoni kwenye foleni ya feri, sema mapema, kwa sababu la kusini tunalizungushia Dongo Kundu na masafa yanabadilika.

Yule wa Forester, fundi wake alinipigia Jumamosi kuulizia mkanda wetu mmoja uliosahaulika kwenye buti. Tatizo lilikuwa altaneta, imebadilishwa, gari linatembea na giaboksi haikuguswa. Nilimwomba amweleze mwenye gari kwamba risiti yake ipo hapa, imeandikwa kiasi kilekile alichotajiwa kwenye simu saa 3 usiku.