Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mwanangu ametimiza miaka 21, ulemavu wake uko palepale

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MTEGEMEZI MWENYE ULEMAVU KUONDOLEWA KWENYE BIMA YA AFYA KWA SABABU YA UMRI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Moshi. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa asilimia 3 kwa ajili ya bima ya afya, na mwajiri anachangia asilimia 3 nyingine. Makato hayo sijawahi kuyanung'unikia, kwa sababu nilijua yanamtibu mwanangu. Sasa makato yanaendelea na mwanangu hatibiwi.

Kijana wangu ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, na kifafa kilimwanza angali mdogo. Hatembei, hakai bila kuegemezwa, na hasemi, ingawa anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani. Alipotimiza miaka 21 kadi yake ilifungwa. Hatukuandikiwa barua wala hatukupigiwa simu. Tulijua tukiwa dirishani hospitalini, dawa zimeshaandikwa, mhudumu aliponirudishia kadi akasema: "Mama, haisomi. Mfumo umemtoa, huyu ni mtu mzima."

Nikaanza kufuatilia. Kwa mwajiri wakanielekeza ofisi ya bima, ofisi ya bima wakanirudisha kwa mwajiri nilete fomu yenye muhuri, na fomu ilipopatikana nikaambiwa haihusiki kwa mtu wa umri wake. Mmoja akanishauri nimkatie kijana kifurushi cha mtu binafsi, kama kijana yeyote anayejitegemea. Mwingine akasema niende kwa afisa ustawi wa jamii niombe msamaha wa matibabu. Wote walinijibu kwa adabu, nami sina ugomvi na mtumishi yeyote. Lakini hadi leo hakuna aliyenipa karatasi moja inayosema: mwanao amekataliwa kwa kifungu hiki, na usiporidhika, kata rufaa mahali fulani ndani ya muda fulani. Kauli ya mdomo dirishani nitaikatia rufaa wapi?

Nieleze jambo moja kwa kirefu, kwa sababu naamini wanaopanga taratibu hizi hawajawahi kuliona. Kwa kuwa sasa anahesabiwa mtu mzima, nilitakiwa nimlete mwenyewe achukuliwe alama za vidole. Mikono ya mwanangu imekaza. Kidole gumba kimejikunja ndani ya ngumi, vile vingine vimekifunika, na ukimfungua kwa nguvu mwili wote unakakamaa. Nyumbani namfungua taratibu, kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, namsugua kuanzia kwenye kifundo huku nikimwimbia. Pale mbele ya mashine hapakuwa na maji wala nafasi. Kidole kilipofunguka, kikateleza kwa jasho, mashine ikakataa. Tukarudia, ikakataa tena. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Akaanza kulia, na mwanangu akilia sana kifafa kinakuwa jirani, basi nikamfunga mkanda wa kiti mwendo tukatoka. Kwenye kumbukumbu za ofisi ile sijui kimeandikwa nini kuhusu siku hiyo. Nahofia kimeandikwa kwamba hakukamilisha usajili.

Naelewa kwa nini umewekwa ukomo wa umri. Mtoto anakua, anamaliza masomo, anaingia kazini au kwenye biashara, anaanza kuchangia mwenyewe. Mfuko wowote unaobeba watu bila kikomo utafilisika, na sisi wachangiaji ndio tutakaoumia kwanza. Hilo silipingi hata kidogo. Lakini ukomo huo umejengwa juu ya tegemeo kwamba ikifika siku fulani mtoto atasimama kwa miguu yake. Kwa mwanangu siku hiyo haipo. Alipokuwa na miaka 20 alilishwa, akaogeshwa na kugeuzwa usiku ili asipate vidonda vya kulalia. Akiwa na 21 mambo ni yaleyale, isipokuwa mwili umekuwa mzito na mgongo wangu umechoka zaidi. Kilichomfanya awe mtegemezi ni hali yake. Umri unawezaje kuifuta?

Na matibabu yenyewe si ya anasa, Mheshimiwa. Dawa za kifafa haziachwi ghafla. Mgonjwa aliyezizoea akikatishwa anaweza kushikwa na kifafa mfululizo, kimoja kikifuata kingine kabla fahamu hazijarudi, na hiyo ni dharura inayoua. Asipofanyiwa mazoezi ya viungo, misuli inakaza na mifupa inapinda, na kilichopinda hakinyooshwi tena kirahisi. Chakula chake kikubwa ni mtori, nao lazima uwe laini, kijiko kidogo, kichwa kimeinamishwa mbele kidogo, na unasubiri ameze ndipo umpe kingine. Ukiharakisha, chakula kinaingia njia ya hewa na baada ya siku mbili unasikia kifua kinakoroma. Tunapeleka nimonia hospitali kila msimu wa baridi unapoingia hapa chini ya mlima. Zamani nilitoa kadi. Sasa natoa fedha taslimu, na zikikosekana naenda kwa wenzangu wa kikoba.

Ushauri wa kifurushi cha mtu binafsi unadhani kuna mtu mwenye kipato. Mwanangu hana. Kwa hiyo mlipaji ni mimi, mara mbili: kwenye mshahara na kwenye kifurushi. Msamaha nao nauheshimu, upo kwa ajili ya asiyeweza kabisa, na sioni sababu ya kumpunguzia nafasi mama asiye na mshahara wakati mimi nimechangia miaka yote.

Tena ushahidi si shida. Watu wa Kilimanjaro tuna hospitali ya KCMC tangu mwaka 1971. Hapohapo kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, na wanafunzi wake wanatoka hata nje ya nchi. Ipo pia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi. Daktari akitakiwa kuandika kama kijana huyu anaweza kujitegemea au hawezi, ataandika siku hiyohiyo. Kinachokosekana ni mahali pa kuipokea hiyo karatasi na mtu mwenye mamlaka ya kuifanyia kazi.

Sheria zetu hazijatuacha mikono mitupu. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale chombo kinapoamua juu ya haki zake. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 25 ya mkataba huo inakataza kabisa ubaguzi dhidi yao katika bima ya afya. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nimesoma jina la sheria hiyo nikatazama kitanda cha mwanangu, nikaona yumo.

Wengine wameshalitatua hili. Marekani, mtoto wa mtumishi wa serikali kuu huondoka kwenye bima ya mzazi akifikisha miaka 26. Lakini kama hawezi kujikimu kwa sababu ya ulemavu uliokuwepo kabla ya umri huo, na cheti cha daktari kikathibitisha, anabaki. Ukomo wao haukuvunjika kwa hilo. Umewekewa mlango tu.

Mheshimiwa Waziri, naomba utoe mwongozo kwamba mtegemezi mwenye ulemavu mkubwa, aliyethibitishwa na daktari wa hospitali ya rufaa kuwa hawezi kujitegemea, aendelee kutibiwa kwa kadi ya mzazi bila kujali umri. Kama mnahofia udanganyifu, wekeni mapitio kila baada ya miaka kadhaa. Tutawaleta watoto wetu. Naomba mzazi apewe taarifa ya maandishi mapema kabla kadi haijafungwa. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na njia ya rufaa, na rufaa ikiwa inaendelea dawa zisikatwe, hasa dawa za kifafa. Hili la dawa naomba litangulie mengine yote, linaweza kutekelezwa kwa waraka mmoja. Na kwa wasioweza kufungua vidole, picha ya uso au uthibitisho wa mlezi upokelewe, au mtumishi atumwe nyumbani na mashine yake.

Siandiki kwa ajili ya mwanangu peke yake. Kwenye benchi la mazoezi ya viungo tunafahamiana, akina mama wa Pasua, wa Kiboriloni, wa Kibosho, wengine wanapanda gari alfajiri kutoka Rombo. Watoto wao wengi bado wana miaka 15, 17, 19. Wananiuliza mimi nimefikia wapi, kwa sababu wanajua zamu yao inakuja.

Vyeti vya hospitali, hati za mshahara zinazoonyesha makato na kadi iliyofungwa ninavyo vyote. Nikiitwa Dodoma nitakuja navyo. Ukimtuma afisa wako Moshi, afadhali zaidi, maana atamkuta mwenyewe. Naomba jibu kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama na mwalimu,
Moshi, Kilimanjaro