Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Skuli, Chake Chake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuuitikia mwito wetu.

Mheshimiwa, meza yetu ndiyo ile yenye picha ya mbwa, na tangu asubuhi watu wanaipitia mbali. Mwalimu wa dini ameshawatoa hofu kwamba picha haikoshwi mara saba. Sisi Wapemba mbwa tunamjua kwa kichaa chake na kwa kampeni za chanjo. Lakini naye huugua kisukari, moyo na saratani, kama sisi, na meza yetu yaeleza namna damu yake inavyoweza kusaidia kujaribu dawa.

Mwaka 2006, Profesa Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto alitumia jeni nne tu kuzirudisha seli za panya utotoni, zikawa seli shina, ambazo zaweza kukua kuwa moyo, neva au ini. Mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon. Watafiti wa mifugo wa huko huko Japani wakaifanya kazi hiyo kwa damu ya mbwa, maana kumchoma mnyama sindano ni kwepesi kuliko kumkata ngozi. Jeni hizo huingizwa ndani ya seli na virusi vya Sendai, ambavyo havijipachiki kwenye vinasaba vya seli. Dawa basi zaweza kujaribiwa kwanza kwa seli hizo kwenye kisahani cha maabara, mbwa mwenyewe amelala zake.

Lakini katika damu hutumika seli nyeupe. Kwa nini si nyekundu? Hapo ndipo tulipohangaika. Tulileta damu ya mbuzi kutoka machinjioni. Ya kwanza ikaganda njiani, tukarudi tena. Kwenye darubini, seli nyekundu za mbuzi ni kama visahani vitupu. Za kuku, kila moja ina kidoa katikati: kiini, panapokaa vinasaba. Mbuzi na mbwa ni mamalia, seli zao nyekundu hazina kiini, na pasipo kiini hakuna cha kurudishwa utotoni.

Mheshimiwa, darubini tunayo moja, na foleni yake umeiona. Tunaomba mbili zaidi, na daktari wa mifugo atutembelee japo mara moja kwa muhula. Ukifika mezani, tafadhali anza na damu ya kuku kabla haijakauka.

Naomba kuwasilisha.