Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: Meno yachunguzwe kabla ya mionzi

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Baada ya salamu, ninakuandikia kuomba utoe mwongozo kwamba mgonjwa yeyote wa saratani ya kinywa, koo au shingo asianze tiba ya mionzi kabla daktari wa kinywa na meno hajamchunguza na kutia sahihi kwenye faili lake.

Mama yangu mzazi alipigwa mionzi mara 33 kwa ajili ya saratani ya ulimi, siku tano kwa juma, na uvimbe ukaisha; kwa hilo tunamshukuru Mungu na wataalamu waliomhudumia. Hata hivyo, katika muda wote ule hakuna aliyemwambia afungue kinywa ili meno yake yatazamwe. Mate yalimkauka hata akawa analala na chupa ya maji kando ya mto, kwa kuwa usiku ulimi ulikuwa ukigandana na kaakaa, na ugali hakuweza kuumeza bila kuutosa kwenye mchuzi. Kabla mwaka haujaisha, meno yake ya mbele yalikuwa yamezungukwa na weusi pale yanapokutana na fizi. Siku moja alipouma kipande cha muhogo wa kuchemsha, jino lilikatika shinani bila maumivu yoyote. Alilitoa, akaliweka pembeni mwa sahani, akanyamaza.

Tezi za mate, hasa zile kubwa zilizo mbele ya masikio, hudhurika upesi kwa mionzi, na kwa dozi ya grei 60 hadi 70 (grei ni kipimo cha mionzi) inayotumika mara nyingi kutibu saratani za eneo hili, tezi iliyopata sehemu kubwa ya dozi hiyo aghalabu hairudii kazi yake ya awali. Mate ndiyo yanayosafisha mabaki ya chakula, kupunguza ukali wa asidi na kulirudishia jino madini yake. Yakikosekana, hata jino lenye afya huweza kuoza kwa miezi tu. Mfupa wa taya nao, hasa la chini, hupoteza mishipa yake midogo ya damu, kwa hiyo jino liking'olewa baada ya mionzi, kidonda huenda kisifunge. Ndivyo ilivyomtokea mama, aliyeng'olewa jino katika kliniki ambako hakuna aliyemuuliza habari za mionzi. Miezi mitano baadaye, nilipommulikia kwa tochi ya simu, bado niliuona mfupa mweupe katikati ya fizi.

Uchunguzi ukifanyika, meno mabovu yaliyo katika eneo litakalopigwa mionzi hung'olewa mapema, walau majuma mawili kabla, ili kidonda kipone; yanayofaa kubaki huzibwa, na mgonjwa hupewa jeli ya floraidi ya kupaka kila siku. (Kwetu Arusha neno floraidi linatisha, maana maji ya Meru yametutia wengi rangi ya kahawia menoni tangu utotoni. Lakini kuyanywa madini hayo kupita kiasi wakati meno yanaumbika ni jambo moja, na kuyapaka juu ya jino lililokosa mate ya kulilinda ni jambo lingine kabisa, na mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo kwa utulivu.)

Ninafahamu kwamba saratani haingoji, na sitaki mtu acheleweshewe tiba kwa sababu ya jino. Ndiyo maana naomba daktari wa meno aitwe siku ileile majibu ya kipimo cha kinyama (kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe ili kichunguzwe) yanapotoka, ili zile siku za kupiga picha, kutengeneza kinyago cha kushikilia kichwa na kupanga dozi zitumike pia kuandaa kinywa. Wataalamu tunao, Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa meno kwa miaka mingi. Naomba pia, katika kuitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, huduma hizi za meno zihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu ya saratani.

Mwisho, kila anayemaliza mionzi ya kichwa na shingo apewe kadi inayotaja dozi aliyopata na upande wa taya uliopigwa, aioneshe popote atakapokwenda kutibiwa meno. Kama mama angekuwa nayo siku ile, daktari angeisoma kabla ya kushika koleo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa mgonjwa,
Arusha