Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Suala la Tuta la Shamba la Chini

Ndugu wanachama,

Upandaji miti, uzibuaji mifereji na ziara ya mafunzo mnavifahamu. Vyote vilifanyika, ingawa ziarani tulikwenda 9 kati ya wanachama 64.

Niende kwenye lililozua maneno: kamati kukataa kuinua tuta linalozuia bahari isiingie Shamba la Chini. Nimesikia inasemwa mwenyekiti ameipa bahari shamba. Sijaipa chochote. Usiku wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, nilisimama pale peke yangu na tochi. Maji hayakuruka tuta. Yalirudi kinyumenyume kwenye mfereji tuliouchimba wenyewe ili kukausha shamba. Jua lilipowaka, udongo ukabaki na ukoko mweupe. Hata tungeinua tuta mita nzima, chumvi ingepita chini.

Wengine wanasema mbona miti ya ukingoni imesimama. Imesimama, ndiyo, lakini nionyesheni mche mmoja chini yake. Mti mkubwa huvumilia chumvi kwa miaka, mche haumudu. Dhoruba ikiiangusha mizee ile, mwanga unafika chini na nyasi za maji chumvi zinashika nafasi.

Bahari duniani imepanda takriban sentimita 20 tangu 1900, na sasa inapanda kama milimita 4 kwa mwaka. Mnacheka milimita 4? Mahali ardhi inapoinuka mita 1 kwa kila mita 1,000, hizo ni mita 4 kuja ndani, kila mwaka. Kandokando ya ghuba ya Chesapeake, Marekani, kilomita za mraba zipatazo 400 za nchi kavu zimegeuka kinamasi tangu katikati ya karne ya 19. Kule Medmerry, Uingereza, mwaka 2013 walitoboa wenyewe kingo zao za kuzuia bahari, baada ya kujenga tuta jipya nyuma zaidi, ili maji yaingie na kinamasi kipate nafasi mbele yake. Kinamasi hupunguza nguvu ya mawimbi, lakini kikibanwa na tuta hakina pa kurudi, kinazama.

Mnaosema hamkushirikishwa: mkutano uliahirishwa mara 2 kwa kukosa akidi. Wa tatu tulikuwa 11, na katiba yetu inaruhusu huo kuendelea kwa idadi yoyote. Mweka hazina ananiambia wanachama 38 wanadaiwa ada, 17 kati yao kwa miaka miwili. Majina sitayataja, ingawa sauti zao zimesikika sana.

Mwaka ujao tunatarajia kupima chumvi ya udongo, kifaa kikipatikana, na kuangalia uwezekano wa tuta dogo huko nyuma. Maswali nitayapokea kwa moyo mmoja. Muulizaji aje na stakabadhi ya ada.

Mwenyekiti