Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Darasa la Kina Mama, Mwakirunge

Kina mama wenzangu, Assalaam aleikum.

Masomo ya ngumbaru, michango ya kila wiki na maadhimisho ya Siku ya Kisomo tarehe 8 Septemba yaliendelea kama mnavyojua, kwa hiyo sitayarudia.

Ninalotaka kulieleza kwa urefu ni zile shilingi 48,000 za akiba, ambazo baadhi yenu mlitaka zigawanywe kabla ya Idi, na kamati ikaamua zimlipe mwalimu wa pili na kununua madaftari. Imesemwa kuwa niliamua peke yangu. Wazo nililileta mimi, na sioni haya kulisema, lakini lilipitishwa kwa kura, na kumbukumbu ziko kwa katibu. Tungezigawanya kwa wanachama 64, kila mmoja angepata shilingi 750, zisingemaliza hata wiki. Kila apelekaye mchicha, mabamia na nazi soko la Kongowea anajua kuwa dalali ndiye ashikaye kalamu, na asiyejua kusoma hupokea anachoambiwa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 malipo mengi yamehamia kwenye simu, na wamo humu waliotoa mzigo kwa ujumbe wa uongo kwa kuwa hawakuweza kuusoma na kuangalia salio. Tena, mifuko ya mikopo ya serikali, Hazina ya Wanawake na Hazina ya Uwezo, hukopesha vikundi vilivyosajiliwa, vyenye katiba, kumbukumbu na akaunti ya benki, ilhali kumbukumbu zetu tulikuwa tukiandikiwa na watoto wa shule. Leo anaziandika mwanachama aliyejifunzia herufi darasani humu humu. Kwa hilo ningepiga kura ile ile tena.

Mahudhurio yananiumiza. Siku za soko na msimu wa kupanda mwalimu hukuta viti vitupu, na malipo yake hayapungui. Ada nazo, wanachama 23 wanadaiwa jumla ya shilingi 31,400, wakiwemo waliodai mgao kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwaka ujao, inshallah, tunatumai kuomba mkopo wa kikundi na, Mungu akijaalia, kupata chumba chetu wenyewe badala ya kuazima. Wanaodaiwa wamwone mweka hazina kabla ya mwezi kwisha.

Mwenyekiti