Barua ya wazi kwa mdogo wangu: mkono ule ulioutetemesha jukwaani

Mdogo wangu,

Tarehe 10 Februari 2024, Makamu wa Rais alipotangaza kifo cha Mzee Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, uliweka picha ya marehemu kwenye ukurasa wako na chini yake ukaandika, "Taifa limempoteza mzee wetu." Sitilii shaka huzuni yako, msiba ni msiba, na tangu utotoni wewe ulikuwa mwepesi wa machozi kuliko sisi sote. Lakini kuna neno nimekaa nalo tangu Oktoba 2015 bila kulitamka, si kwenye simu wala kwenye vikao vya familia, na nimeona kwamba nikilinyamazia hadi kampeni nyingine zifunguliwe, nitakuwa nimekupa ruhusa ya kurudia.

Ile Jumapili ya kampeni za 2015 pale kwetu Isevya, Tabora, unaikumbuka. Baba alikuwa na miezi saba tangu apate kiharusi, na aliposikia kwamba wewe ndiye utakayeshika kipaza sauti kabla mgombea udiwani wa CCM hajapanda jukwaani, aliomba tumtolee kiti chake cha uvivu hadi chini ya mwembe, mahali ambapo angekuona vizuri. Mama akamvalisha kanzu yake ya Idi. Ulianza vyema: ulizungumzia shida ya maji, ukazungumzia bei ya tumbaku na wakulima wa Urambo na Sikonge, na Baba akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha ukaitisha glasi ya maji. Ukaishika kwa mkono wa kulia, ukautetemesha mpaka maji yakakumwagikia kifuani, ukapinda mdomo upande mmoja, ukauuliza umati kama mkono wa namna hiyo unaweza kushika nchi. Watu walicheka, wengine wakagaragara chini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Baba, na sikutazama jukwaa tena. Nilimtazama yeye akiuchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anayehamisha kitu kisicho chake, akauingiza chini ya shuka tuliyomfunika magotini. Hakuutoa mpaka tulipomrudisha ndani. Tangu siku hiyo hadi anafariki mwaka 2017, hakunywa tena chai mbele ya mgeni.

Baba hakukulaumu. Alisema tu, "Kijana anatafuta kura," akaomba taa izimwe. Laiti angekukaripia, pengine nisingekuwa na haja ya kukuandikia leo.

Ulinijibu usiku ule kwamba hukumsema Baba, ulimsema Lowassa, aliyekuwa akigombea urais kupitia CHADEMA, na kwamba mpigakura ana haki ya kujua afya ya mtu anayeomba kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Katika hilo la haki ya mpigakura naungana nawe kabisa. Ungesimama ukadai kwamba wagombea urais wote 8 wa mwaka ule wapimwe na taarifa za madaktari ziwekwe hadharani, ningekuwa wa kwanza kukupigia makofi. Dk. Magufuli, mgombea urais wenu wa CCM, alipiga pushapu majukwaani, na kila aliyeziona alielewa zilimlenga nani. Lakini yeye alionyesha mwili wake mwenyewe. Wewe ulichukua maradhi ya mwenzako ukayafanya mchezo, na hakuna jibu ambalo mgonjwa angeweza kukupa isipokuwa kupona.

Ukaniambia pia kwamba mimi ni mnafiki, na hapa nataka nikujibu vizuri. Ni kweli kwamba Septemba 2007, Dk. Slaa wa CHADEMA aliposoma pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, orodha ya watu aliowaita mafisadi, na Februari 2008, Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, mimi nilimsema kwa ukali kuliko wewe. Ni kweli vilevile kwamba alipohamia CHADEMA Julai 2015 niliacha kumsema, nikavaa fulana yenye sura yake. Hiyo haikuwa haki kwa watu niliokuwa nimewaaminisha mambo miaka yote ile, na sina wa kumsingizia. Hata hivyo niliyoyasema mwanzo yalihusu mkataba wa umeme na ripoti ya kamati teule ya Bunge, mambo ambayo mtu anaweza kuyasimamia, kuyakanusha au kuyatolea hesabu. Sikupata kuigiza mwendo wa mtu.

Najua utalileta suala la utani, maana sisi Wanyamwezi kila tukikosea tunakimbilia huko. Basi kumbuka mazishi ya Baba. Yule mzee wa Kizaramo aliyefanya naye kazi reli alifika akalala mbele ya jeneza akidai deni lake, kisha akaigiza Baba anavyokwenda na mkongojo, pamoja na mkono ule ule kutetemeka. Mama alicheka hadi akajifuta machozi, na hakuna aliyekasirika. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Mzee yule alikuwa ametaniwa na Baba kwa miaka thelathini, na Baba alikuwa na haki ya kumrudishia. Tena alipomaliza kuigiza alivua viatu, akaingia kaburini kumpokea. Wewe ulimtania mtu ambaye hakukujua na hakuwa na nafasi ya kukujibu, na lengo lako lilikuwa watu wamnyime kura.

Vyama vilitia saini Maadili ya Uchaguzi mwaka ule, na matusi na kashfa vimekatazwa humo kwa maandishi. Tena Katiba yetu, ibara ya 41, hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais baada ya Tume kumtangaza mshindi, kwa hiyo uongo au dhihaka iliyompunguzia mgombea urais kura haina pa kurekebishwa. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba kampeni ni kampeni, yakiisha yameisha. Watu zaidi ya milioni 6 walimpigia kura yule uliyemwigiza, na baadhi yao walikuwa majirani zetu wanaokusalimu hadi leo.

Na Baba, ambaye alikuwa kijana hapa Tabora Januari 1958 TANU ilipogawanyika juu ya kura tatu, yaani kushiriki au kutoshiriki uchaguzi ambao kila mpigakura alipaswa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, alikuwa upande wa Nyerere moja kwa moja. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaunda chama chake, akagombea urais dhidi ya Nyerere mwaka 1962 na kushindwa vibaya. Je, ulipata kumsikia Baba akimtaja pasipo kusema "Bwana Mtemvu"? Mimi sikumsikia.

Tarehe 1 Machi 2019 Lowassa aliporudi CCM, ulipiga makofi. Mkono uliokuwa hauwezi kushika nchi ukawa mkono wa kupokewa na viongozi wako, na wewe ukapiga nao picha kwa maneno matamu. Baba hakuwepo kuliona hilo. Siku hiyo nilitaka kukupigia simu, nikashindwa.

Wifi yangu anaamini sikuja kwenye harusi yenu mwaka 2016 kwa sababu ya siasa. Mwambie si siasa. Nilikuwa nimeshanunua kitenge. Nilishindwa kukaa meza moja na mshereheshaji wenu, aliyekuwa nawe jukwaani siku ile, nikimwona anashika glasi. Huenda nilikosea kukuadhibu siku ya furaha yako, lakini kama ningekuja ningeharibu zaidi, na bado nadhani nilichagua lililo dogo.

Khitma ya Baba tunaisoma kabla ya Ramadhani, nyumbani Isevya, baada ya Alasiri. Mama anajua kwamba hatusemezani, ila hajui ni kwa nini. Siku ile alikuwa jikoni, na alichokiona ni Baba kukataa chai ya jioni. Njoo mapema, kabla ya wageni, umwambie mwenyewe.

Dada yako