Usimnyoe Rukia kwanza

Tanga, Juni

Mama Rukia, shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, kusi imeanza kuvuma na watoto wana mafua ya kawaida tu. Picha za kichwa cha Rukia ulizotuma baada ya kumfumua rasta, ukiniuliza kama anyolewe kama bibi yake anavyotaka, nimezipata. Nimezikuza nikaziangalia moja moja, hasa ile ya kisogo, na jibu langu ni kwamba nywele za mtoto hazijaharibika. Zimeshikana. Siku ile kwenye simu saluni ilikuwa imejaa na nisingeweza kukueleza sawasawa, kwa hiyo nakuandikia kwa urefu, uwe nayo karibu utakapoanza kazi.

Zuia maji kwanza. Najua mama mkwe ameshapanga Jumamosi mtoto apigwe shampuu na maji ya moto, zilainike, ndipo zichanwe. Mwambie kwa adabu kuwa msusi ameomba subira. Nywele zilizoshikana namna hiyo zikilowa bila kitu cha kuteleza hujikunja zaidi, na fundo lililokuwa limelegea linakaza. Ukija kuzisugua kwa kuzungusha vidole, unaziunganisha hata zile ambazo hazikuwa na shida. Wengi wanaofika kwangu na bonge gumu, ukiwauliza wanakiri kwamba kabla ya kuoshwa hali ilikuwa nafuu.

Ukielewa kilichotokea hutaogopa. Kichwa cha mtu mzima hupoteza nywele kama 50 mpaka 100 kila siku, na huo si ugonjwa. Unywele umemaliza muda wake, unang'oka, mwingine unaota. Siku za kawaida hizo zinatoka na kitana, wala huzioni. Lakini mtu akisuka rasta, unywele uliong'oka hauna pa kwenda. Unabaki ndani ya msuko pamoja na wenzake walio hai. Rasta za Rukia zimekaa karibu miezi mitatu, tangu shule ilipofunguliwa mpaka alipoumwa akalala. Piga hesabu ya mtu mzima kwa siku 90: ni nywele 4,500 mpaka 9,000. Hata kama za mtoto ni pungufu ya hizo, bado ni mzigo. Ukichanganya na jasho, mafuta na vumbi la huko kwenu Dodoma, unapata ule uchafu wa kijivu uliouona chini ya kila msuko, pale shinani. Rasta zilipofumuliwa zote kwa pamoja, nywele mfu zikapata nafasi ya kuzunguka zilizo hai. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja zenyewe tangu zinapoota, kwa hiyo zinakumbatiana kwa urahisi kuliko nywele za singa.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya lile bonge ilishakufa zamani. Kazi yako ni kutoa maiti bila kuwaumiza walio hai. Nywele nyingi zitabaki mkononi mwako, tena nyingi za kutisha, na hapo ndipo akina mama wengi hukata tamaa wakachukua mkasi. Chukua unywele mmoja katika zile zilizotoka, uangalie ncha zake kwenye mwanga. Ukiona upande mmoja una kichwa kidogo cheupe, huo uling'oka wenyewe kwa wakati wake. Ukiona vipande vifupi visivyo na kichwa upande wowote, hivyo vimekatika, na anayevikata ni wewe. Kuna na sauti pia: kitana kikianza kulia ta-ta-ta, simama papo hapo, nywele zinavunjika.

Vifaa ni vichache. Tafuta kondishena inayoteleza sana, wala isiwe ya bei mbaya, maana utatumia nyingi. Chupa ya kupulizia maji. Vibanio vikubwa. Chanuo lenye meno mapana, na kitana cha mkia kwa ajili ya ule mkia wake tu. Brashi na vile vitana vya meno madogo vifiche kabisa, mtu asije akakusaidia navyo. Mafuta ya nazi nakuletea mimi, yale ya kupika nyumbani. Nayapenda kwa kazi hii kwa sababu yanaingia ndani ya unywele wenyewe na kuupunguzia kulika unapooshwa, wakati mafuta mengi mengine hubaki juu juu. Mafuta ya mnyonyo uliyosema jirani amekushauri, hapana. Ni mazito, yananata, na kwenye nywele zilizoshikana yanaweza kuzigandisha zaidi. Yaweke kwa siku nyingine.

Mtoto ale ashibe, umwekee katuni, umkalishe chini kati ya magoti yako kama tulivyokalishwa sisi. Usianze jioni. Paka mafuta kwanza zikiwa kavu, uyasukume kwa vidole mpaka yaingie ndani ya bonge, si juu yake tu. Yaache yakae, hata saa nzima, endelea na mambo yako. Kisha ndipo upulizie maji kidogo, ziwe na unyevu tu, na upake kondishena kwa wingi. Watu wa nywele za singa huambiwa wasichane zikiwa zimelowa kwa sababu unywele uliolowa hunyumbuka kupita kiasi na kukatika. Kwetu ni kinyume: kipilipili kikavu ndicho kinachokatika, na chenye unyevu na kondishena ndicho kinachokubali.

Kondishena inasaidia kwa sababu hii. Unywele ukiutazama kwa hadubini una magamba yaliyolaliana kuelekea nchani, mfano wa makuti juu ya paa. Yakiwa yamelala, nywele zinapishana. Yakiwa yamesimama, zinakwaruzana na kukamatana. Kondishena inayalaza na kuyafunika, na inang'ang'ania zaidi pale palipochubuka. Sabuni ya mche inafanya kinyume chake, inayasimamisha. Ndiyo maana nakukataza kumwosha kichwa kwa sabuni ya kufulia hata kama mama anasema ndiyo waliyolelewa nayo wote. Walilelewa nayo wakiwa na vichwa vilivyonyolewa!

Bonge lenyewe usilivamie katikati. Tafuta ukingo wake, pale nywele zinapoanza kuwa huru, utenge kishungi kidogo, kingine ukibane pembeni. Mkono wa kushoto ushike nywele karibu na ngozi, uzibane kabisa, ili ukivuta maumivu yaishie kwenye vidole vyako na si kichwani kwa mtoto. Mkono wa kulia uanze nchani. Vidole kwanza. Usivute kwenda chini, panua kwenda pembeni, huku na huku, kama unachambua. Ukikuta fundo lisiloachia, ingiza mkia wa kitana katikati ya fundo na uchomoe unywele mmoja mmoja. Nchani pakiachia, panda kidogo, tena nchani, panda tena. Chanuo linaingia mwisho kabisa, baada ya vidole kupita bila kukwama. Kishungi kikimalizika, kisokote twisti na ukibane mbali, maana ukikiacha wazi kitarudi kushikana na wenzake huku unageukia kingine.

Kisogo kitakuchosha. Pale ndipo alipolalia muda wote alipokuwa mgonjwa, na mto wa pamba unanyonya mafuta na kusugua. Si lazima kiishe siku moja. Mtoto akianza kulia, au wewe ukianza kukasirika (nakujua), paka mafuta tena, mfunge kitambaa cha satini, mwendelee kesho. Nywele huvunjwa zaidi na haraka kuliko na fundo lenyewe.

Mkasi nao una nafasi yake, ila usiupitishe kwa upana, ukakata bonge kama unakata mkate. Sehemu ikigoma kabisa, pasua bonge kwa urefu, kutoka karibu na ngozi kuelekea nchani, chale moja au mbili, liwe vipande vyembamba, kisha urudi kwenye vidole. Unapoteza nywele chache na zilizobaki zinabaki na urefu wake. Nchani utakuta pia vifundo vidogo kama punje ya mchanga, unywele mmoja umejifunga wenyewe. Hivyo usihangaike kuvifungua, kata juu yake kidogo kwa mkasi mkali.

Jambo moja linanitia wasiwasi kwenye picha ya tatu, ile alama ya duara nyuma ya sikio. Inawezekana ni kivuli. Ukifika pale ukikuta ngozi ina magamba, nywele zimekatika usawa wa ngozi, au panatoa usaha au harufu, mpeleke hospitali. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta wala kwa dawa ya kupaka peke yake, yanataka dawa ya kumeza, na atakayeiandika ni daktari.

Akishamaliza kuchambuliwa, sasa maji ruksa. Mwoshe twisti zikiwa zimesokotwa vilevile, shampuu upake kwenye ngozi na uiache ishuke yenyewe kwenye nywele. Maji ya visima vya Dodoma mengi yana chumvi, na sabuni kwenye maji hayo hugeuka utando unaoganda kwenye nywele na kuzifanya kavu kama nyasi. Tumia shampuu ya kawaida, na kama una akiba ya maji ya mvua, yatumie ya kusuuzia mwisho.

Nimeona nyuzi nyembamba za rasta zilivyovutwa mbele. Huyo msusi wenu, simjui, lakini mtoto asiyeweza kukunja uso vizuri siku ya kwanza amesukwa vibaya. Nywele za kando ya uso ni dhaifu, zikivutwa kila muhula shina linachoka na mwisho linaacha kuotesha. Mwakani mwambie alegeze, na rasta zisipite wiki 8. Siku ya kuzifumua, kila msuko mmoja ukifunguka, toa palepale nywele mfu zake na uchafu wa shinani kwa mafuta, zisokote zilizobaki, ndipo ugeukie mwingine. Hilo tu lingetosha kuzuia yote haya.

Kuhusu bibi yake na neno lake la kunyoa. Wewe na mimi tulinyolewa mpaka kidato cha nne kwa sheria ya shule, hatukujifunza kushika nywele ndefu wakati wa kujifunza, na mama zetu hawakuwa na haja ya kutufundisha. Kwa hiyo mshtuko wenu siushangai. Wala kunyoa si dhambi. Rukia mwenyewe akikuambia, baada ya kupumzika na kutulia, kwamba anataka kichwa chepesi, mnyoe kwa moyo mweupe. Nisichotaka ni anyolewe akiwa analia huku watu wazima wanamwambia ana nywele mbaya. Ana umri wa miaka kumi, maneno hayo atayabeba.

Baba Rukia mwambie ashuke stendi kesho kutwa jioni, mzigo uko kwa kondakta, chupa mbili zimefungwa kwenye kanga ya zamani (kanga naitaka). Kwa baridi ya Dodoma mwezi huu utayakuta mafuta yameganda meupe. Hayajaharibika, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Usiyaweke jikoni kwenye moto. Tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto uyaache yayeyuke taratibu, na uyajaribu kwenye kiwiko chako kabla ya kumpaka.

Ukimaliza upande wa kwanza nitumie picha kabla ya kugusa kisogo, nikuonyeshe pa kuingilia. Nisalimie mama, na umwambie nimesema shikamoo.

Wako,
Mama Salma